Saumu Aliyoivunja Maalima Abshiro

Alizaliwa Abshiro binti Ogle katika malisho ya upande wa Elwak, mwaka wa 1956 kwa hesabu ya mama yake, aliyeukumbuka mwaka huo kwa mvua iliyojaza mabwawa hadi ngamia wakasahau njia ya kisimani. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe mosi Januari 1960, siku ambayo, tukiziamini karatasi za serikali, nusu ya watu wa Kaskazini Mashariki walizaliwa kwa pamoja. Mzee Ogle alikuwa mfugaji na mwalimu wa chuo cha Kurani. Kila familia ilipohamisha mifugo, naye alipakia mbao za kuandikia juu ya ngamia, na popote walipotua alikoroga wino wa mkaa akawasomesha watoto. Wasichana wengi waliachishwa baada ya sura chache fupi ili wakachunge mbuzi. Abshiro alichunga na kusoma vilevile, akiwakariria mbuzi aya alizofundishwa alfajiri, na aliuhifadhi msahafu wote kabla hajafikia umri wa kuposwa. Baba yake alilia kwa furaha mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa huko hulifanya kwa nadra, kisha akachinja.

Ukame wa mwaka 1984 ulilimaliza zizi la wazazi wake, na Abshiro akaja Garissa pamoja na mumewe, dalali wa mifugo. Hawakujaaliwa mtoto aliyeishi. Mume alipofariki, ndugu walitaka kumrudisha Elwak, lakini alikuwa amekwisha kufungua chuo kwenye baraza ya nyumba yake, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimwita Maalima. Alikuwa mkali kwa matamshi na mpole kwa kila kitu kingine. Alhamisi alasiri wanawake walikusanyika kwa sitaad, kile kikao chao cha kumsifu Mtume na mama wema wa dini kwa ngoma ndogo, ubani na nyimbo, kisha chai. Sauti yake ndiyo iliyokibeba kikao. Tena alifunga kila Jumatatu na kila Alhamisi, kiangazi na masika, hata watu wakambandika jina la Abshiro wa Saumu. Jina hilo alilipenda, na nusura limponze.

Mwaka wa 2013 kiu ilimwingia. Mwanzoni hakuishangaa, maana Garissa nani hana kiu? Lakini alimaliza mtungi na bado akatafuta maji, usiku hakulala kwa kwenda haja ndogo, na mwili ukamwisha hadi bangili zikawa zinamvuka zenyewe. Aliitibu kiu hiyo kama wengi wetu tungeitibu, kwa chai ya maziwa ya ngamia iliyojaa sukari, na kila kikombe kikamzidishia. Hospitalini alikutana na Mustafe, tabibu wa kliniki ya sukari, kijana aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka kwake. Mustafe alimwambia wazi kwamba ana kisukari, kwamba hakiondoki, lakini mtu anaweza kukitawala akaishi maisha marefu. Alianza na vidonge, na baada ya miaka miwili akahamishiwa sindano za insulini. "Eddo," Mustafe alimwambia, akimwita kwa heshima kama shangazi yake, "sindano ikiingia, chakula kiifuate. Usichome ukakaa na njaa. Na ukitaka kufunga, njoo kwanza tuangalie kama mwili unaruhusu." Abshiro aliitikia vizuri sana. Kuhusu Jumatatu na Alhamisi hakusema neno.

Sasa yanakuja mambo ambayo watu waliyaita karama, na hatuna budi kuyasimulia kama yalivyoonekana. Alhamisi moja ya mwaka 2016, kikao kikiwa kimekolea, kaa la moto liliruka kutoka kwenye chetezo cha ubani likatua juu ya mguu wake. Soksi ikafuka moshi. Wanawake wakapiga kelele, lakini Abshiro aliendelea kuimba amefumba macho, hata uso hakukunja, mpaka jirani yake akalipangusa kaa kwa ncha ya mtandio. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulijua kwamba moto haumchomi Maalima. Wiki iliyofuata habari ilikuwa imefika miji ya mbali ya Lafey na Banissa, kwa kuwa malori ya mifugo hayabebi mifugo peke yake. Ukweli ni kwamba sukari ilikuwa imeshaua hisia za miguu yake, na kaa lile hakulisikia kabisa. Lakini wanawake walipoanza kumshika miguu na kumwomba dua, naye akawaombea.

Jeraha lilikuwa dogo, na kwa vile halikuuma alilifunika kwa soksi safi akaendelea na shughuli zake. Joto la Garissa halikulipa nafasi ya kupona. Alishtushwa na harufu, tena akadhani ni panya amefia chini ya kabati. Mustafe alipomvua soksi alikwenda moja kwa moja kumwita daktari wa upasuaji. Abshiro alimshika mkono muuguzi mmoja, mgeni aliyekuja kutoka upande wa Nairobi, akamwomba kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Sista, hii mguu haina uchungu hata kidogo. Kitu haina uchungu, nyinyi nakata kwa nini?"

"Mama," muuguzi akamjibu taratibu, "ingekuwa inauma, ungekuja mapema."

Vidole viwili viliondolewa, na mguu ukaokoka. Alishukuru mno kwa kuokoka huko, na wauguzi wanakumbuka kwamba aliwaombea dua mmoja mmoja kwa majina. Mtaani ilisemwa kwamba Maalima amekwenda kuwatembelea ndugu zake.

Karama ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Tangu aanze sindano, ilitokea baadhi ya Alhamisi, jua linapoelekea kutua na kikao kimepamba moto, kwamba Abshiro alianza kutetemeka. Jasho la baridi lilimtiririka, midomo ilimcheza, na maneno yakamtoka yasiyofuatana, nusu aya, nusu majina ya mbuzi wa utotoni mwake. Wanawake waliamini kwamba rehema imemshukia. Walimfukizia ubani, wakapandisha sauti, wakampangusa jasho kwa mitandio yao na kuikunja ili waipeleke kwa wagonjwa nyumbani. Adhana ya magharibi ikilia alilishwa tende na chai tamu, na baada ya muda mfupi akawa mzima, amechoka, anatabasamu. Yeye mwenyewe aliamini. Tusimlaumu. Kikao kizima kilimwambia hivyo, na ni nani asiyependa kuambiwa kwamba Mola amemtazama yeye?

Mwaka uliofuata, akiwa kwenye benchi la kliniki pamoja na wagonjwa wengine, alimsikia Mustafe akieleza hatari ya sukari kushuka mwilini. "Mtu aliyechoma sindano bila kula hutetemeka," alisema. "Hutoka jasho la baridi. Huongea maneno yasiyo na mpangilio, utadhani amelewa. Mpeni kitu kitamu papo hapo, maadamu anaweza kumeza. Mkimwacha anazimia, na wengine hawaamki tena."

Abshiro aliinamisha kichwa. Karama yake yote, kuanzia jasho hadi maneno, ilikuwa imeelezwa mbele za watu na kijana mwenye kalamu mfukoni. Alirudi nyumbani akajifungia, na huo ndio uliokuwa mtihani mkubwa wa maisha yake, kuliko kidonda, kuliko sindano. Angeweza kusema. Hakusema. Siku za Alhamisi alikula kipande cha mkate jikoni, mlango umefungwa, akafuta makombo, kisha akatoka kwenda kubusiwa mikono kwa ajili ya saumu. Alisononeka sana. Alikuwa mwanamke mkweli aliyejikuta ndani ya uongo ambao hakuutunga, na kila alipotaka kutoka aliona nyuso za wale waliompenda, akarudi nyuma.

Ramadhani ya mwaka 2018 iliingia katikati ya mwezi wa Mei. Abshiro aliona haya kula kwa siri katika mwezi huo, akafunga kwelikweli, akipunguza dawa ya sindano kwa kukisia mwenyewe bila kumuuliza Mustafe. Kosa moja lilikuwa limezaa jingine. Na hakujua kwamba katika mtaa uleule kulikuwa na mtu aliyekuwa akimfuata hatua kwa hatua. Huyo ni Madino, muuza maziwa ya ngamia sokoni, mama wa watoto watatu wadogo. Alikuwa amepatikana na sukari wakati wa ujauzito wa mwisho, na haikuondoka baada ya kujifungua, akawa naye anachoma insulini. Kliniki walimkataza kufunga. Alipomwambia mama mkwe wake, Qali, ambaye alikuwa mwanakikao wa siku nyingi, Qali alishangaa kwa nia njema kabisa. "Maalima anafunga na sindano yake, na umri ule," alisema. "Wewe kijana una nini?" Basi Madino alichoma sindano yake yote baada ya daku, akafunga.

Alhamisi ya pili ya mwezi huo kikao kilikuwa nyumbani kwa Qali. Futari ilikuwa tayari pembeni, tende, sambusa na chupa za chai, na wanawake waliimba wakingojea magharibi. Ghafla Madino, aliyekuwa amekaa karibu na ukuta na mtoto wake mdogo mapajani, akaanza kutetemeka. Mtoto alichukuliwa. Jasho lilimlowesha uso, akacheka peke yake, akaanza kuita bei ya maziwa kama yuko sokoni. "Imemshukia!" mtu alipaza sauti. Ngoma zikaongezwa nguvu, ubani ukamiminwa, na Qali akatokwa na machozi ya furaha kwa kuwa nyumba yake imepata heshima hiyo.

Abshiro peke yake ndiye aliyeacha kuimba. Alimtazama yule binti akajiona yeye mwenyewe, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alijiburuta kwa magoti hadi pale, akamgusa paji la uso, nalo lilikuwa baridi kama maji ya mtungi. "Nyamazeni!" alisema kwa sauti anayoitumia chuoni, na ngoma zikakatika. "Leteni chai. Yenye sukari nyingi."

Walitazamana. Qali alipiga magoti kando yake, akamnong'oneza kwa upole, "Maalima, adhana imekaribia. Mwache akamilishe saumu yake, kimebaki kitambo kidogo tu."

"Hana kitambo kidogo," alisema Abshiro. Alimimina kikombe yeye mwenyewe, akakipeleka mdomoni mwa Madino. Madino alikaza meno. Kichwa chake kilikuwa kimevurugika, lakini jambo moja alikuwa amelishikilia. "Bado," alisema kwa taabu. "Maalima hafungui... mimi pia... sifungui."

Hapo ndipo Abshiro binti Ogle alipofanya tendo ambalo kwalo tunamwandika leo. Jua lilikuwa bado liko juu ya mabati ya nyumba ya jirani, nao wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamemkodolea macho. Alikiinua kikombe kile, akanywa. Hakunywa tone la kuonja. Alikunywa hadi nusu, akapangusa midomo kwa mkono ili kila mtu aone.

"Nimefungua mchana wa Ramadhani, na ninyi ni mashahidi," alisema. "Sasa kunywa, hooyo, mama. Kunywa pamoja nami."

Madino alimtazama. Kisha akafungua kinywa. Alimaliza nusu iliyobaki, akapewa kikombe kingine, na tende ikafuata. Qali alikuwa amemshika mkono mkwewe huku akisoma kila dua aliyoijua na nyingine alizozichanganya. Polepole mtetemo ulipungua, jasho likakauka, macho yakatulia. Madino aliangalia huku na huku, akavuta mtandio wake vizuri, akauliza, "Kwa nini mmeacha kuimba?" Qali alimkumbatia akalia kwa sauti, na safari hii alijua anachokililia.

Adhana ilipolia hapakuwa na aliyenyoosha mkono kwenye sambusa. Abshiro alikuwa anazungumza. Aliwaambia kwamba ile waliyodhani ni rehema iliyomshukia miaka yote ilikuwa hii waliyoiona kwa Madino, sukari iliyoshuka, na kwamba kwa takriban mwaka mzima aliijua akanyamaza kwa kupenda sifa. Akavua soksi. Walipoona mahali vidole vilipokuwa, baadhi waliziba midomo. "Moto ulinichoma," alisema. "Ulinichoma sana. Ila mguu wangu ulikuwa umeshakufa usiweze kuniambia. Nisameheni."

Wapo walioondoka bila kufuturu, wamekasirika, na hatuwezi kusema walikosa sababu. Wazazi kadhaa waliwaondoa watoto wao chuoni. Lakini Abshiro mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu siku ile ya benchi la kliniki, akaamka mwepesi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni. Hakuwa na kitu cha kuficha jikoni. Asubuhi alikunywa uji mlangoni pake.

Sheikh Shirwa, imamu wa msikiti wa mtaa, alimwendea kabla ya sala ya Ijumaa. Abshiro alitarajia kukemewa. Sheikh alikaa, akauliza habari za sukari, akamkumbusha jambo alilokuwa analijua kwa moyo tangu utotoni, kwamba mgonjwa amepewa ruhusa, na mtoa ruhusa ni Mola mwenyewe. Kisha akapanda mimbari. "Tabibu akikuambia saumu itakudhuru nawe ukafunga, usidhani umemshinda mwenzako kwa ucha Mungu," aliwaambia waumini. "Kula. Na kama huna tumaini la kuja kulipa, lisha maskini. Maalima Abshiro amemtii Mola mbele za watu, na hilo ni gumu kuliko njaa."

Baada ya hapo wakaanza kuja. Mwanzoni walipitia uani, wakati mtaa umelala usingizi wa mchana. "Maalima, mimi pia," walisema, na wengi hawakuweza kusema zaidi. Mmoja alikuwa akimwaga dawa chooni kila Ramadhani ili asiulizwe. Mwingine alikuwa na kidonda alichokitia chuma cha moto kama wanavyofanya waganga wa kienyeji, naye hakusikia chuma wala kidonda. Abshiro aliwapeleka kliniki yeye mwenyewe, akiwatangulia kwa fimbo na mwendo wake wa kuchechemea, na Mustafe anasema alikuwa akiijua siku ya foleni ndefu kwa kuisikia ile fimbo yake mlangoni. Wale waliokuwa na afya ya kufunga walipangiwa dawa upya kabla ya mwezi kuandama. Wasioweza waliambiwa hivyo, tena Maalima alikuwepo, na wengi walilia kwa faraja kwa sababu walikuwa wanaogopa kwa miaka na hakuna aliyewauliza.

Kikao cha Alhamisi hakikufa. Waliokasirika walirudi wengi wao, hata watoto chuoni walirudi, na ada moja mpya ikaingia. Kabla ya ngoma kuguswa, kila mwanamke alivua soksi akampa jirani yake miguu aikague, chini ya unyayo na katikati ya vidole, kwa kuwa hakuna anayeweza kuuona vizuri unyayo wake mwenyewe. Qali, ambaye hakuwa na sukari, alikuwa mkaguzi mkali kuliko wote. Chai ilipikwa bila sukari, na bakuli la sukari likakaa karibu na Maalima kwa ajili ya atakayeanza kutetemeka. Kwa wafugaji wasio na umeme wala jokofu aliwafundisha kuitunza insulini ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kivulini. Wanawake wa Banissa na Lafey walituma salamu kwamba dawa haiharibiki tena. Wapo walioiita hiyo nayo karama. Aliposikia alicheka hadi akakohoa, akasema karama ya chungu aulizwe mfinyanzi.

Miaka yake ya mwisho macho yalififia na figo zikachoka, maana sukari ilikuwa imemtangulia miaka mingi kabla hajaanza kuipiga vita kwa haki. Hakulalamika. Alisomesha kwa kumbukumbu, na mtoto aliyedhani Maalima haoni hivyo hatasikia kosa la matamshi alijuta. Alifariki asubuhi ya Ramadhani, Machi 2024, nyumbani kwake, baada ya kula mlo wake mdogo na kumuuliza Madino kama naye amekula. Alizikwa siku hiyohiyo. Alikuwa ameomba kaburi lake lisijengewe wala mchanga wake usichukuliwe, na ombi hilo liliheshimiwa.

Basi anayetaka kumfuata asianze na saumu yake wala na sauti yake, ambazo Mola huwagawia watu kwa kadiri apendavyo. Aanze na ukweli aliousema akiwa na kila sababu ya kuuficha. Na kama kuna anayeuliza iwapo mfano huo ulishika, ajue yaliyotokea siku ya mazishi. Ilikuwa mchana, nyumba ya msiba imejaa wanawake kutoka kila upande, karibu wote wamefunga, joto limetanda. Madino alikuwa amechoma sindano yake, na saa yake ya kula ikafika. Aliketi palepale katikati ya watu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nina sukari. Naomba chakula changu."

Qali aliinuka. Alileta sahani ya wali na maharage, akatandika kitambaa katikati ya chumba, akaketi karibu na mkwewe. Kisha mwanamke mmoja wa kikao, naye mgonjwa wa sukari, akasogea akanawa mikono, akafuata mwingine, na mwingine kutoka kona ya mbali aliyekuwa hajawahi kumwambia mtu kwamba anaumwa. Mgeni mmoja aliyefika kutoka Elwak aliwatazama wakila mchana wa Ramadhani ndani ya nyumba ya Maalima, akamgeukia Qali, akauliza kwa mshangao, "Hawa ni nani?"

"Hawa ni wanafunzi wake," alisema Qali, na akawaongezea wali.